Jezi za Mji, Wachezaji wa Wenyewe



Mlioniita kuzungumza juu ya michezo na miji midogo nadhani mlitegemea nianzie kwenye kandanda. Niwieni radhi, leo nawapeleka mbali. Nawapeleka Clinton, jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, mji wa watu 24,000 na ushei uliojibanza ukingoni mwa mto Mississippi. Nilifika huko mara ya kwanza wakati wa kiangazi, miaka michache kabla ya 2020, nikiwa mgeni wa rafiki niliyesoma naye, na jioni ya siku hiyohiyo akanichukua uwanjani. Besiboli sikuijua. Nilijua tu kwamba kuna mtu anarusha, kuna mwingine anapiga kwa gongo, na aliyepiga anakimbia vituo vinne mpaka arudi alikoanzia. Mengine yote nilifundishwa na bibi mmoja aliyekaa kiti cha mbele yangu.

Bibi yule alikuwa na daftari mapajani na penseli mkononi. Kila mpigaji aliyeingia, kila pigo, kila aliyetolewa, aliandika. Mpigaji akikosa mara tatu, anaandikiwa herufi K. Akitolewa kwa kusimama tu akiutazama mpira wa tatu unampita, anaandikiwa K ileile ikiwa imegeuzwa, imetazama nyuma. Nikamuuliza daftari analipeleka wapi. Halipeleki popote. Nyumbani anayo mengine, ya miaka na miaka. Akanifunulia ukurasa wa siku mbili nyuma, akaweka kidole kwenye jina la kijana aliyekuwa amerusha mpira kwa ustadi mkubwa, akasema, "Huyu wiki ijayo hatutakuwa naye." Alisema kama mtu anayekwambia kwamba kesho mvua itanyesha.

Kijana yule angeondoka kwa sababu alikuwa anacheza vizuri. Ndugu zangu, hilo ndilo nililokuja kulizungumza.

Kwetu, timu ya mji mdogo ikishinda mfululizo hupanda daraja. Kijiji kinaweza kuota kwamba siku moja wakubwa wa jiji watakuja kucheza kwenye uwanja wake wa vumbi, na wakati mwingine ndoto hiyo hutimia. Katika besiboli ya Marekani mlango huo haupo. Timu ya Clinton ingeshinda michezo yote 140 ya msimu, mwaka unaofuata ingeanza palepale ilipo. Wanaopanda ni wachezaji, mmoja mmoja, na wanapanda kwa amri ya timu kubwa iliyoko maelfu ya kilomita, ambayo ndiyo iliyowaajiri. Timu mama inalipa mishahara ya wachezaji na makocha, inaamua nani acheze na arushe mipira mingapi, inamhamisha imtakaye hata katikati ya mbio za ubingwa. Mji unatoa uwanja, taa, nyasi, basi la safari, na watu wa kushangilia. Wamarekani wenyewe huziita timu za namna hii mashamba. Mimi naona neno letu la kitalu linafaa zaidi. Mche unatiwa udongo, unamwagiliwa, unakingwa jua kali, na ukishashika mizizi unang'olewa na kupelekwa kwenye shamba la mwenyewe. Hakuna anayeona kitalu kimeonewa kwa hilo. Ni kazi yake. Lakini kitalu hakishoni jezi, wala hakiimbi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ligi ndogo zilipoungana mwaka 1901, katika kikao kilichofanyika Chicago, nia yao ilikuwa kujilinda dhidi ya ligi kubwa zilizokuwa zikiwanyang'anya wachezaji. Wakati huo timu ya mji ilikuwa na wachezaji wake yenyewe, na ilipomuuza mmoja kwa wakubwa, fedha iliingia kwenye sanduku la timu. Aliyegeuza mambo ni Branch Rickey, mkuu wa St. Louis Cardinals. Timu yake haikuwa na uwezo wa kushindana na matajiri wa New York sokoni, basi miaka ya 1920 akaona heri anunue timu ndogo zenyewe, awalee vijana kwa bei nafuu, achukue wawili watatu walioiva na kuwaacha wengine. Kwa hesabu za biashara ulikuwa ubunifu mkubwa, na timu nyingine zote zikamfuata. Baada ya Vita Kuu ya Pili ligi ndogo zilistawi kuliko wakati wowote: mwaka 1949 zilikuwapo 59, na watu karibu milioni 40 walikata tiketi. Kisha televisheni ikaingia sebuleni, michezo ya wakubwa ikaonekana bure, na miji midogo ikaanza kuzima taa za viwanja vyake mmoja baada ya mwingine.

Clinton haikuzima. Ili mjue kwa nini, turudi nyuma kidogo, kwenye magogo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misonobari ya Wisconsin na Minnesota ilikatwa, ikafungwa kuwa vyelezo vikubwa, ikateremshwa Mississippi hadi kwenye viwanda vya mbao vya Clinton. Mbao zilizopasuliwa pale zilipelekwa kwa reli kujenga nyumba na maghala kwenye nyika za magharibi ambako hakukuwa na miti. Matajiri kama Chancy Lamb na W. J. Young walijenga majumba ambayo mengine yangalipo. Watu wa Clinton husimulia kwamba miaka ya 1880 mji wao ulikuwa na mamilionea wengi kwa idadi ya wakazi kuliko mji wowote Marekani. Halafu misitu ikaisha. Hakuna aliyepanda mti mpya. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 misumeno ilikuwa imenyamaza, na matajiri walikuwa wamehamishia fedha zao kwingine.

Mji ukajishika kwenye mahindi. Iowa ni nchi ya mahindi, na kiwanda kikubwa cha kuyasindika kikawa tegemeo la familia nyingi. Mnapokunywa soda iliyotengenezwa Marekani, utamu wake mara nyingi ni wa sukari ya maji inayotokana na mahindi, na ni Clinton, mwaka 1967, ilikoanza kutengenezwa kwa ajili ya soko. Jioni nilipokaa uwanjani, upepo ulikuwa ukileta harufu ya mahindi yanayopikwa, nzito, tamu kidogo, inayokaa kooni. Wenyeji walishaacha kuisikia.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka 1937. Ulijengwa katika ile mipango ya Rais Franklin Roosevelt ya kuwapa kazi wasio na kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, chini ya shirika lililoitwa Works Progress Administration. Wanaume waliokuwa hawana cha kupeleka nyumbani walipewa koleo, saruji na ujira, wakajenga jukwaa la kukalia watu mita chache kutoka mtoni. Nataka mlishike hilo, kwa sababu mwisho wa habari hii linarudi. Katika yote niliyoyataja, magogo, mahindi, wachezaji, uwanja ule peke yake ulijengwa kwa ajili ya watu wa Clinton wenyewe na ukabaki mikononi mwao.

Mwaka 1954 Clinton iliingia kwenye ligi ambayo miaka miwili baadaye ilibadilishwa jina na kuitwa Midwest League. Wenzake wa mwaka ule wa 1956 walikuwa miji kama Kokomo, Mattoon, Decatur na Michigan City. Mmoja baada ya mwingine walitoka, hata ikabaki Clinton peke yake kati ya waasisi. Miaka yote hiyo timu ilikuwa ikibadili jina, mara nyingi kwa kufuata bwana wake. Ilipolelewa na Pittsburgh iliitwa Pirates. Ilipohamia kwa White Sox wa Chicago ikaitwa C-Sox, na kwa jina hilo ikatwaa ubingwa mwaka 1963. Ikaja kuwa Pilots, kisha Dodgers, kisha Giants, na kwa jina hilo la Giants ikatwaa ubingwa wa pili mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Clinton miaka ya 1950 alivaa kofia tano tofauti kabla mvi hazijamtoka, nyingi za timu za miji ambayo pengine hakuwahi kukanyaga.

Halafu mwaka 1994 mji ukafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko ubingwa wote. Uliacha majina ya kuazima, ukaiita timu LumberKings, yaani wafalme wa mbao. Misonobari ilikwisha zamani, wafalme wenyewe walikwisha ondoka na mali zao, ila jina lilikuwa la Clinton, na timu mama yoyote ambayo ingekuja ingelikuta pale. Wakaja Padres, Reds, Expos, Rangers, Mariners na Marlins, na wote walilikuta.

Si kwamba kitalu hakikutoa miti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 timu ilifundishwa na kijana aitwaye Jim Leyland, mdakaji ambaye hakuwahi kufika ligi kuu kama mchezaji. Aliendesha maisha ya mabasi na hoteli za bei rahisi kwa miaka mingi, akaja kuchukua ubingwa wa Marekani na Florida Marlins mwaka 1997, na mwaka 2024 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji. Mwaka 1977 kulikuwa na mrushaji aitwaye Dave Stewart, aliyeajiriwa kama mdakaji wakambadilisha kazi. Msimu ule, pale Clinton, alishinda michezo 17 na kupoteza 4. Mdakaji chipukizi wa timu ileile alikuwa Mike Scioscia. Miaka miwili baadaye akaja Orel Hershiser. Stewart alikuja kuwa mchezaji bora wa fainali za mwaka 1989, Hershiser za mwaka 1988, na Scioscia akaongoza Angels kuchukua ubingwa wa 2002 akiwa kocha. Majina hayo yamo kwenye madaftari ya watu kama yule bibi, yameandikwa kwa penseli, kabla ulimwengu haujayajua.

Lakini kwa kila Hershiser mmoja kulikuwa na vijana wengi waliorudi kwao bila chochote, na ningekuwa nimewadanganya kama ningewasimulia nuru tupu. Hadi mwaka 2019 mshahara wa chini wa mchezaji wa ngazi ya Clinton ulikuwa dola 290 kwa wiki, na ulilipwa kwa miezi ya msimu tu. Kijana anasafiri kwa basi usiku kucha, anashuka alfajiri, analala saa chache, anacheza jioni, na hawezi kulipa kodi ya chumba. Mwaka 2018 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaondoa wachezaji hawa kwenye ulinzi wa malipo ya saa za ziada. Kilichowafanya waishi ni familia za Clinton. Waliwafungulia vyumba vya watoto wao walioondoka, wakawapikia, wakawafulia, wakawapeleka kwa daktari wa meno. Wengi wa vijana hao walitoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na Kiingereza walijifunzia kwenye meza za jikoni za watu hao. Sikuwahi kusikia timu kubwa yoyote ikiiandika kazi hiyo kwenye vitabu vyake vya hesabu.

Familia hizo nazo zilikuwa na vidonda vyao. Mwaka 1979 wafanyakazi wa kile kiwanda cha mahindi waligoma. Mgomo ulichukua miezi mingi, wengine wakaajiriwa mahali pao, na mwisho wa yote chama cha wafanyakazi kikaondolewa kiwandani. Ndugu waliovuka mstari na ndugu waliokataa kuvuka walikaa miaka bila kusalimiana. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 34,000 mwaka 1970 ukaanza kupungua. Rafiki yangu alikulia humo. Aliniambia kwamba baba yake na baba yake mdogo hawakukaa meza moja kwa muda mrefu, hata sikukuu, ila uwanjani walikuwa wakikaa safu moja, viti viwili kati yao, wakitazama mpira. Hawakuongea. Mmoja akinunua karanga alikuwa anapitisha mfuko.

Timu hiyo iliyowakalisha safu moja si mali ya tajiri yeyote. Inaendeshwa na jumuiya isiyogawana faida, wakurugenzi wake ni wakazi wanaojitolea. Kwa mahudhurio ilikuwa kila mara miongoni mwa timu za mkiani, kwa kuwa ligi ilikuwa imekua na kuingiza miji mikubwa kama Dayton na Fort Wayne yenye viwanja vipya vya mamilioni ya dola. Hata hivyo ilifika fainali mwaka 2010, ikafika 2016, ikafika 2019. Zote tatu ilishindwa.

Ile ya Septemba 2019 ilikuwa ya mwisho, na hakuna aliyejua. Kabla mwaka haujaisha magazeti yalichapisha orodha ya timu 42 ambazo uongozi wa ligi kuu ulikusudia kuzikata. Clinton ilikuwamo. Sababu zilizotolewa zilikuwa viwanja chakavu, safari ndefu, na kwamba vijana sasa wanaweza kuandaliwa kwa kamera na kompyuta bila kuhitaji timu nyingi hivyo. Wanasiasa walipiga kelele, akiwamo Seneta Bernie Sanders. Kisha korona ikafuta msimu mzima wa 2020, mkataba wa zamani kati ya ligi kuu na ligi ndogo ukaisha mwezi Septemba, na ligi kuu ikachukua usimamizi wa kila kitu. Timu shirika, yaani zile zinazolelewa na timu kubwa, zikapunguzwa kutoka 160 hadi 120. Clinton, yenye miaka 66 mfululizo, ikaachwa nje. Burlington, mji mwingine wa Iowa ulio kando ya mto huohuo, ikaachwa nje pia.

Nimejaribu kuwatendea haki waliofanya uamuzi huo. Viwanja vingine vilikuwa vibovu kweli. Na baadaye wachezaji walipata walichostahili siku nyingi: mwaka 2022 walijiunga na chama, na mkataba wa 2023 ukapandisha mshahara wa ngazi hiyo ya chini kutoka kama dola 11,000 kwa mwaka hadi 26,200. Nalifurahia hilo kwa moyo wote. Lakini siwezi kukubali hoja inayosikika mara nyingi, kwamba miji ilibidi ikatwe ili vijana walipwe. Biashara yenye mapato ya mabilioni kwa mwaka haikushindwa kulipa vijana hao bila kumnyima bibi yule kiti chake. Iliamua. Na iliweza kuamua peke yake kwa sababu tangu mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliweka besiboli nje ya sheria za kuzuia ukiritimba, hadhi ambayo hakuna mchezo mwingine mkubwa wa nchi ile ulio nayo. Sisi tuna msemo wa shamba la bibi, mahali ambapo kila mtu anachuma na hakuna anayepalilia. Misitu ya Wisconsin ilichumwa hivyo. Kiwanda kilichuma nguvu za watu hivyo. Besiboli nayo ilichuma miaka 66, ikafunga mzigo.

Hapa mtaniruhusu nichepuke niguse nyumbani. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu kwa mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika, ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2022 timu ya Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Na mwaka 2023 Dennis Kasumba, mdakaji aliyejulikana kwa video za kujifua kwa matairi na vifaa vya kujitengenezea, alicheza Marekani akivaa jezi ya Frederick Keys ya Maryland. Frederick ni miongoni mwa miji iliyopoteza hadhi yake mwaka uleule wa Clinton, ikapewa ligi nyingine ya vijana. Nasema haya kwa sababu wako wanafunzi humu watakaotamani tuwe vitalu vya wakubwa hao. Mimi nasema twendeni, ila tusome mkataba kwanza, hasa ule ukurasa unaosema kitalu kinabaki na nini.

Clinton ilibaki na uwanja wake. Timu mama ilipoondoka ilichukua wachezaji, makocha na mitambo yake. Uwanja wa 1937 haikuweza kuuchukua, wala jina LumberKings, wala ile jumuiya ya wanaojitolea, wala vyumba vya wageni katika nyumba za watu. Wakurugenzi walikutana, wakajiunga na Prospect League, ligi ya wanafunzi wa vyuo wanaocheza kiangazi bila mshahara, na mwaka 2021 taa ziliwashwa tena. Kiwango kimeshuka, na wenyeji hawafichi hilo. Msimu ni mfupi, unaanza mwishoni mwa Mei na kufikia Agosti umeisha. Lakini kijana anayerusha vizuri sasa haondolewi katikati ya wiki kwa simu kutoka Miami au Seattle. Anamaliza kiangazi chake Clinton, halafu anarudi chuoni.

Rafiki yangu aliniandikia baada ya mchezo wa kwanza wa mwaka ule. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na vijana walisaidiwa na watu kutoka jukwaani kuvuta turubai kutoka kwenye udongo wa vituo. Baba yake hakuwapo, alifariki wakati wa korona. Baba mdogo alikuwapo, amekaa safu ileile. Nilimuuliza kuhusu bibi wa madaftari. Alikuwapo naye. Hakuwa amenunua daftari jipya. La 2019 lilikuwa bado na kurasa.